Sura Unayoiona Ukifumba Macho

Barua ya safari hii imekuja kwa kalamu ya wino, kurasa nne za daftari, pande zote mbili. Anayeandika ana miaka 21, yuko chuoni Dodoma, kwao ni Moshi vijijini. Amelelewa Kilutheri: amebatizwa akiwa mchanga, amepata kipaimara, ameimba kwaya ya vijana. Nafupisha maneno yake.

Dada, shikamoo. Likizo iliyopita niliishusha picha ya Yesu pale sebuleni kwetu, nikaisukumia uvunguni mwa kitanda. Tangu siku hiyo mama hanisemeshi vizuri. Mchumba wangu anasema Ukristo ni dini ya Wazungu, na mimi nampigia magoti Mzungu. Kila nikifumba macho nisali naiona sura ile, nywele ndefu na ngozi nyeupe, na sala inakatikia hapo. Nifanyeje? Nimwache Yesu, niiache picha, au nimwache huyu kijana?

Marahaba, mdogo wangu. Kijana tutamfikia, usiwe na haraka naye. Kwanza tukae pale sebuleni kwenu, maana sebule hiyo naijua.

Kwetu nayo picha hiyo ilikuwapo. Ilikaa juu ya redio, kando ya kalenda ya usharika, na fremu yake mama aliifuta vumbi kila Jumamosi kabla hajafuta kitu kingine chochote. Kichwa na mabega tu: mwanamume mwenye nywele za kahawia zilizoteremka hadi mabegani, ndevu zilizochanwa vizuri, mwanga wa rangi ya asali usoni, macho yakitazama mbali kama mtu anayesikiliza kitu ambacho wewe hukisikii. Nilikua nikijua kwamba ni picha yake, kama vile ile nyingine ya mlangoni ilivyokuwa picha ya babu. Sikuwahi kuuliza ilitoka kwa nani. Mtoto haulizi nani alimpiga picha babu yake.

Nilikuwa mtu mzima, nanyonyesha, siku niliyojua kwamba picha ile ina mwenyewe. Aliitwa Warner Sallman, mchoraji wa matangazo ya biashara huko Chicago, Marekani, mtoto wa wahamiaji waliotoka Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1924 aliichora kwa mkaa kwa ajili ya jarida la vijana wa kanisa lake. Mwaka 1940 akaichora upya kwa rangi za mafuta. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na wanajeshi wa Kimarekani wakagawiwa vijipicha vyake vya kuweka mfukoni. Vita vilipokwisha, sura ile ikaingia kwenye kalenda, kwenye saa, kwenye taa za mezani, kwenye vitabu vya watoto. Inakadiriwa imechapwa zaidi ya mara milioni 500. Baadaye ikaanza kutembea na kusema, maana mwaka 1979 ilitoka filamu ya Yesu, ile tuliyoonyeshwa kwenye kiwanja cha shule kwa jenereta na shuka jeupe. Aliyeigiza ni Mwingereza, Brian Deacon. Akatiwa sauti ya Kiswahili, na ya lugha nyingine zaidi ya 2,000, na usiku ule kiwanjani hapakuwa na mtoto aliyejua kwamba yule ni mwigizaji mwenye mke na kodi ya nyumba.

Simlaumu Sallman. Mtu huchora sura alizozizoea, naye alizizoea za mtaani kwake. Ubaya ulianza pale picha ya mtaa mmoja ilipotundikwa kwenye kila mtaa duniani, na sisi tulioipokea hatukuambiwa ni kazi ya nani.

Sasa fanya hesabu nami. Sura inayokukatizia sala, ile ya rangi, ina miaka themanini na kitu. Bibi yangu mzaa mama ni mkubwa wake. Alibatizwa kabla ya Sallman kuchovya brashi yake kwenye ile rangi ya asali, na alisali ndani ya nyumba ya majani isiyokuwa na ukuta wa kupigilia msumari. Alisali kwa Kichaga. Mungu alimwita Ruwa, neno hilohilo tunaloliitia jua. Nimejaribu mara nyingi kuwaza bibi alikuwa anaona nini akifumba macho, na sijapata jibu, ila najua kwamba Chicago haikuwamo.

Lakini nisikudanganye kwamba shida yote iko ukutani. Mimi picha haikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni masizi.

Nilikuwa na miaka tisa. Unaijua Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ile ya Septemba, siku watoto wanaposhika ibada nzima. Mwaka ule usharika wetu uliandaa igizo la vita vya mbinguni, malaika Mikaeli na jeshi lake wakimtupa Shetani chini. Malaika wakapewa mashuka meupe, na mbele wakapangwa wale wa rangi ya maji ya kunde. Mikaeli akawa kijana mweupe kuliko wote, mtoto wa daktari. Shetani ilikuwa apakwe masizi ya sufuria. Mwalimu wa Shule ya Jumapili akatupitia kwa macho mmoja mmoja, akafika kwangu, akasimama. Akasema: huyu hata masizi hahitaji.

Watoto wakacheka. Akina mama waliokuwa pembeni wakishona mabawa wakacheka. Na mimi nikacheka, mdogo wangu, nikacheka kuwashinda wote. Nikavishwa pembe za karatasi na mkia wa katani, na kwa vile sipendi kufanya kitu nusunusu, niliigiza mpaka watu wakasimama. Mikaeli akanichapa kwa mpini wa fagio mbele ya usharika mzima, wakapiga makofi na vigelegele. Usiku mama alipokuwa ananipaka mafuta nikamuuliza kama Yesu aliwafia na watu wa rangi hii. Akasema, lala.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alitufundisha kusoma kabla ya shule kutufundisha, na alikuwa mweusi kama mimi. Yeye naye alikuwa amefundishwa. Alikuwa na kile kitabu kidogo cha kurasa za rangi kisicho na neno hata moja ndani, labda nawe umekiona. Ukurasa mweusi ni dhambi, mwekundu ni damu, mweupe ni moyo uliosafishwa, wa dhahabu ni mbinguni. Nacho kina wenyewe: mhubiri Charles Spurgeon alikihubiri London mwaka 1866, wakati huo kikiwa na rangi tatu tu, na mwaka 1875 Mmarekani Dwight Moody akaongeza dhahabu. Ni chombo cha werevu sana kwa mtu asiyejua kusoma, hilo nalikubali. Ila hebu mwone mwalimu ameshika ukurasa mweusi kwa mkono huu na mweupe kwa mkono huu, anauliza: nani anataka kutoka huku aende huku? Vidole arobaini vyeusi vikanyooka juu.

Tulikuwa tunaomba nini, hasa?

Utaniambia, dada, mbona hata Kiswahili chetu kinasema mtu mwema ana moyo mweupe? Kweli kinasema. Lakini Kiswahili hichohicho kina mkulima anayekaa kizingitini mwezi wa tatu akiomba wingu jeusi, na akiona jeupe anajua leo hakuna kitu. Kina mchonga vinyago wa Mwenge, pale Dar es Salaam, ambaye akipasua gogo la mpingo anakuta nje ni weupe wa kimanjano na kiini ndicho cheusi. Ule weupe mara nyingi anauchonga anautupa. Kinachouzwa ni moyo mweusi.

Na kuna maneno mawili ambayo Shule ya Jumapili iliyachanganya, giza na weusi. Biblia imejaa giza na nuru. Giza ni kukosa taa. Usiku likikukuta giza huoni njia, uwe Mchaga, uwe Mswidi. Weusi ni rangi, na rangi huhitaji mwanga ili ionekane. Aliyeyageuza haya mawili kuwa kitu kimoja hakuyatoa kwa Isaya wala kwa Yohana.

Tena kuna hadithi ambayo hatukuwahi kuchorewa. Fungua Hesabu sura ya 12. Musa ameoa mwanamke Mkushi, yaani mtu wa huku kusini mwa Misri, mweusi. Dada yake Miriamu na kaka yake Haruni wakaanza kumsema kwa sababu ya mke huyo. Mungu akakasirika, na adhabu iliyompata Miriamu ni ukoma: akawa mweupe kama theluji. Nimesikiliza mahubiri tangu nikiwa mgongoni kwa mama na sijawahi kusikia wifi wa mtu akionywa kwa mlango huu. Sikuambii weupe ni laana, maana huo nao ungekuwa ujinga wa upande wa pili. Nakwambia tu kwamba kitabu unachokiogopa kina rangi nyingi kuliko zile kurasa nne.

Msichana wa Wimbo Ulio Bora naye anajitaja kuwa mweusi na mzuri. Tafsiri nyingi, ya Kiswahili tuliyokulia ikiwamo, zimeweka "lakini" katikati, kana kwamba uzuri wake ulipatikana kwa kupenya. Kwa Kiebrania kiungo hicho kinaweza kuwa "na" vilevile. Ukimsikia mtu kijiweni au madhabahuni akisema watu weusi walilaaniwa kupitia Hamu, mwambie asome Mwanzo 9 taratibu: aliyelaaniwa na Nuhu ni Kanaani, na hakuna rangi ya ngozi ya mtu yeyote iliyotajwa pale. Uongo ule uliwafaa waliotaka kubaki na watumwa wao.

Haya, kijana wako.

Anasema ni dini ya Wazungu. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo usimbishie, kwa sababu inatuhusu sisi wa mlimani kuliko anavyojua. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakati Wajerumani wenye bunduki wako palepale. Mwaka 1900 Wajerumani wakamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, hukohuko kwake pamoja na viongozi wengine, na inasadikiwa kichwa chake kilisafirishwa hadi Ujerumani. Ukoo wake umeendelea kukitafuta. Bibi yangu alilelewa na watu waliosimama pale chini ya mti. Walioona wamenyongewa mangi wao na watu wanaotumia Biblia ileile, halafu baadhi yao wakaenda kubatizwa, walikuwa na sababu zao, na hawakuwa watoto. Hilo ni jambo la kukaa nalo kimya, halitaki jibu la haraka, si la mchungaji wala la mchumba.

Nusu yake ya pili ndiyo mbovu. Mfalme Ezana wa Aksumu, huko Ethiopia, aliupokea Ukristo katika karne ya 4. Mababu wa Sallman kule kaskazini mwa Ulaya walikaa zaidi ya miaka 600 baada ya hapo kabla falme zao hazijaingia kanisani. Agustino, ambaye Luther wetu alikuwa mtawa wa shirika lenye jina lake, alizaliwa mahali palipo Algeria ya leo. Aliyelazimishwa kubeba msalaba njiani, Simoni, alikuwa mtu wa Kirene, nayo iko Libya. Yesu mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mtoto, na mtu hujificha pale ambapo hawezi kutambulika kwa urahisi.

Na hawa Waethiopia nawapenda kwa jambo moja la ziada. Katika michoro yao ya kale ya kanisani, watakatifu wanakutazama uso mzima, macho makubwa, ngozi ya kahawia. Walipotaka kumwonyesha mtu mwovu hawakwenda jikoni kutafuta masizi. Walimchora kwa ubavu, ukamwona jicho moja tu. Uovu kwao ni kutokukutazama usoni. Ningependa mwalimu wangu angeijua kanuni hiyo Septemba ile.

Jambo jingine kuhusu kijana, kisha namwacha. Mtu anayekukataza kumpigia magoti Mzungu, chungulia siku moja picha za mabinti anazozisifia kwenye simu yake. Kama wote ni wa mkorogo, basi magoti yake yeye unajua yanapigwa wapi.

Sasa nikupeleke Murang'a. Miaka ya karibuni nilialikwa harusi Kenya, kwa rafiki niliyesoma naye, na siku moja kabla ya harusi nikaomba nipelekwe kwenye Kanisa Kuu la Anglikana la pale mjini, mji ambao wakoloni waliuita Fort Hall. Nilikuwa nimesikia kuna michoro ukutani iliyofanywa na mtu wa kwetu. Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere, na katika miaka ya 1950 akapewa kuta za kanisa hilo azichore maisha ya Yesu. Ndiye baadaye, mwaka 1965, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa pale Nairobi, jina ambalo ukilisema haraka hujui paa lipi ni mnyama na lipi ni kupaa. Anajulikana kwa kuwaambia wasanii wasiige, kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Niliingia nikiwa nimejiandaa kulia. Yesu ni Mwafrika: anazaliwa, anabatizwa, anakula na wenzake, anahangaika Gethsemane, anasulubiwa, na kila mahali nyuma yake ni vilima na miti ya nchi ile ile niliyokuwa nimetoka kuipita kwa gari. Sikulia. Nilikaa kwenye benchi nikajikuta namtazama kama unavyomtazama mjomba uliyemsikia miaka yote na leo ndiyo mmeonana. Nilikuwa nakagua. Nilikuwa natafuta kama ni yeye. Hapo nikajua jinsi fremu ya mama ilivyokuwa imeingia ndani: nilikuwa nampima Yesu mweusi kwa kipimo cha Sallman.

Halafu aliyenipeleka, mzee wa pale, akanieleza habari za kanisa lenyewe. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo cha wapiganaji. Tulia hapo kidogo. Wakati ule serikali ya kikoloni inawanyonga wapiganaji wa uhuru na kuwafungia watu kambini kwa maelfu, na palepale Yesu mweusi anachorwa kwa kumbukumbu ya wale waliouawa na wapiganaji hao. Kwa hiyo usidhani kwamba ukibadilisha rangi tu umekwisha kujua yuko upande gani. Kila picha ina mwaka wake na ina aliyelipia ukuta.

Miaka michache baadaye, Afrika Kusini, kijana aitwaye Ronald Harrison alimchora Kristo msalabani akiwa na sura ya Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC. Askari wa Kirumi chini ya msalaba wakapewa sura za Verwoerd na Vorster, watawala wa ubaguzi. Hiyo ni 1962. Serikali ikaipiga marufuku picha, Harrison akakamatwa na kuteswa, na turubai likatoroshwa hadi Uingereza lisirudi hadi 1997. Watawala wale walikuwa Wakristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Walijua picha inaweza kusema nini kuliko sisi tunaozifuta vumbi.

Turudi kwenye sala yako, ndiyo uliyoniulizia.

Injili zote nne hazisemi Yesu alifananaje. Hakuna urefu, hakuna nywele, hakuna rangi. Tunaambiwa vazi lake lilifumwaje na punda alitoka wapi, sura hatuambiwi. Lakini kuna mahali pawili panapotoa siri. Usiku wa kukamatwa, Yuda ilibidi ambusu ili askari wajue ni yupi. Angekuwa na nywele za dhahabu na mwanga usoni katikati ya wavuvi wa Galilaya, busu la nini? Wangeambiwa kamateni yule anayeng'aa. Na asubuhi ya kufufuka Mariamu Magdalene alimdhania mtunza bustani. Alikuwa na sura ya watu. Mwaka 2001 mtaalamu wa Uingereza, Richard Neave, alitumia fuvu la mwanamume wa Kiyahudi wa karne ya kwanza kuonyesha watu wa pale walifanana vipi: uso mpana, ngozi ya kahawia, nywele fupi za kujisokota. Hakusema ni Yesu. Ni jirani yake tu. Pale Dura-Europos, Syria, kwenye mchoro wa zamani sana wa karne ya 3, Yesu hana hata ndevu.

Kwa hiyo ukifumba macho na sura ya Chicago ikaja, usipigane nayo. Ukipigana nayo utakuwa unasali kwa picha kwa dakika zote za sala, kwa hasira badala ya heshima, lakini ni kwa picha hiyohiyo. Iache ipite kama mtu anayepita mbele yako kanisani kwenda kukaa. Mimi bado inanijia nikiwa nimechoka, na nina miaka arobaini na saba. Naisalimia, Sallman huyo, halafu naendelea. Kama kufumba macho kunakushinda, sali macho wazi. Au soma Marko, ndiyo fupi kuliko zote, kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani ukiijua. Sikiliza anavyojibu watu, anavyochoka, anavyolala mashuani kichwa juu ya mto. Mtu unaweza kumfahamu kwa sauti kabla hujamwona, nyie mnaochumbiana kwa simu mnalijua hilo kuliko sisi.

Sikwambii pia lazima ubaki. Una miaka 21, na imani ya kurithi huwa inafika mahali inabidi uichague au uiweke chini, na mimi si askofu wako. Ninachokuomba ni usimwache Yesu kwa sababu ya mchoraji wa matangazo. Kama ni kumwacha, mwache kwa jambo alilolisema yeye.

Picha itoe uvunguni leo. Sikutumi uitundike. Ifute, ipeleke kwa mama, umwombe radhi. Si kwa sababu picha ni takatifu, ila umeshusha kitu cha mtu kwenye ukuta wake bila kumuuliza, na mama kajenga ukuta huo. Halafu kaa chini umuulize ilitoka wapi. Yetu, mama aliniambia baada ya miaka mingi, alipewa na wanawake wenzake wa usharika wiki aliyomzika mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye sikumwona. Miaka yote ile ya Jumamosi na kitambaa cha vumbi, mama hakuwa anamfuta Mzungu. Nilipojua hivyo nilishindwa kuizungumzia rangi ya mtu yule kwa wiki nzima. Nikaja kuizungumzia baadaye, taratibu, na nikamsimulia habari ya masizi ambayo hakuikumbuka. Alikaa kimya, kisha akasema yule kijana aliyekuwa Mikaeli alikuwa hata hajui kuimba.

Kwangu mimi ukutani kuna msalaba wa mpingo nilioununua Mwenge, umechongwa na Mmakonde, na siku mama atakapoondoka, picha ya Sallman itakuja kukaa karibu yake. Wanangu wanajua ile ilichorwa na nani na mwaka gani. Mdogo alipoulizwa Shule ya Jumapili Yesu anafananaje alijibu, hatujui, ila alikuwa analala kwenye mtumbwi. Mwalimu akanipigia simu kulalamika.

Kama unafundisha watoto hapo chuoni au usharikani, na ninahisi unafundisha maana umeimba kwaya, zungumza na mwinjilisti wako kabla ya Septemba. Kile kitabu cha rangi mnaweza kukifundisha kwa taa na giza, mkazima na kuwasha, watoto watapenda zaidi. Na kama kuna igizo, Shetani apewe barakoa ya maboksi yenye jicho moja. Masizi yabaki kwenye sufuria.

Nitakuwa nyumbani Moshi wakati wa Pasaka. Niandikie mama amesema picha ilitoka kwa nani.